Bitana

Lusekelo aliingia na mvua, kama kila mtu Tukuyu,
kitu kimefichwa chini ya sweta
kama mwizi wa kuku.
Akakilaza juu ya meza yangu ya kukatia:
bawa, refu kama mkono wangu toka begani,
mbavu kumi na saba za msonobari
alizozichonga kwa wembe.

"Mama Gwantwa, naomba univalishie hili."

Nimevalisha maharusi na wachungaji,
nimevalisha maiti watatu,
nimevalisha kwaya nzima mabega yasiyolingana.
Bawa, bado.

Tukafungua kabati.
Popelini inakunywa gundi, akasema, itakuwa nzito.
Satini nayo akaipima kiganjani, akatikisa kichwa.
Nyuma kabisa, koti la Mwakibinga.
Alipimwa, akalipa nusu, akaaga kwamba atapitia Jumamosi.
Wengine wanasema yuko Chunya kwenye dhahabu.
Wengine ukiwauliza wanaangalia viatu.
Miaka kumi na mmoja nalipangusa vumbi kila Krismasi,
na ndani yake bitana ya hariri,
rangi ya chai ya mkandaa.

Nikatafuta ncha ya uzi. Nikafumua.

Mtande uelekee ncha ya bawa, nilimwambia,
mshindio ndio uvuke mbavu.
Yeye akanifundisha la kwake:
gundi kingoni tu,
hariri iwe na unyevu kama taulo la jana,
anzia katikati, vuta kwenda nje,
taratibu, mama, hukamui ng'ombe.
Mtoto wa kidato cha pili ananiambia mimi taratibu.
Nikavuta taratibu.

Tukavalisha juu, tukaenda kulala.

Asubuhi bawa limejipinda
kama ganda la maharage lililosahaulika juani.
Hariri ilikauka usiku ikakaza upande wake,
na chini hakukuwa na mwenzake wa kumvuta.
Lusekelo hakulia. Alihesabu mbavu kwa kidole,
moja mpaka kumi na saba, zote nzima,
akaanza tena moja.

Tulibandua kwa maji ya vuguvugu.
Safari hii juu na chini siku moja,
pini kwenye ubao kila upana wa vidole vitatu,
na juu ya pini Biblia ya marehemu mama,
na juu ya Biblia mfuko wa unga, samahani mama.

Likanyooka.

Halafu vanishi. Fundi samani alitupimia kwenye kopo la maziwa,
imezimuliwa kwa thina, inanuka mpaka kwenye meno.
Jiko la mkaa nikalitoa nje kabisa.
Mkono wa kwanza tu, hariri ikapauka,
weupe ukatambaa toka pembeni
kama Rungwe inavyofunikwa saa tisa mchana.
Ukungu umeingia kwenye vanishi, alisema Lusekelo.
Nikasema, mwanangu, hapa umeingia mpaka kwenye chumvi.

Tukasubiri jua.
Jumatatu, hapana. Jumanne, mvua ya mawe.
Alhamisi lilikuja kama mdaiwa,
dakika arobaini, halina hata muda wa kukaa.
Mlango wazi, brashi laini, thina zaidi,
na weupe ukarudi ulikotoka.

Alipiga kwa ukucha: *ta*.
Kangoma.
Akaliinua dirishani, na humo ndani,
kati ya mbavu ya sita na ya tisa,
chaki yangu ya zamani ikasomeka kinyume:
*Mwakib. Kifua 42.*

"Tufute?"
Ingefutwa vipi, imekwisha kufungiwa.

Koti bado linaning'inia. Limepungua uzito,
upepo wa mlangoni unalitikisa sasa.

"Ndaga, mama. Bei gani?"
Nusu ilishalipwa, nikamwambia.
Jumamosi ukilirusha pale uwanja wa shule,
ukaona limekata kona kaskazini, njia ya Chunya,
usilikimbilie.